Mjiolojia wa petroli analipwaje? Serikalini, kampuni ya mafuta, kampuni ya huduma au Ghuba

Chukua wajiolojia wawili waliomaliza chuo mwaka mmoja. Wote wana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), na wote barua zao za ajira zinasema mshahara wa msingi ni Sh3,000,000 kwa mwezi. Wa kwanza yuko shirika la umma. Anakatwa pensheni ya watumishi wa umma (PSSSF) asilimia 5 (Sh150,000), bima ya afya (NHIF) asilimia 3 (Sh90,000), kodi ya mshahara (PAYE) Sh683,000 na HESLB asilimia 15 (Sh450,000). Mkononi anapata Sh1,627,000. Wa pili yuko kampuni binafsi. Anakatwa pensheni ya sekta binafsi (NSSF) asilimia 10 (Sh300,000), PAYE Sh638,000 na HESLB ileile Sh450,000, bima ya afya analipiwa na mwajiri. Mkononi anapata Sh1,612,000. Wanapishana Sh15,000.

Viwango hivyo ni vya Tanzania Bara, ambako kila shilingi inayozidi Sh1,000,000 kwa mwezi inakatwa PAYE ya asilimia 30. Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu vijana wanaotoka Mlimani, UDOM au Makerere wakiwa na shahada ya jiolojia huwa wanaulizia tarakimu moja tu: wanalipa ngapi? Tarakimu hiyo ina umuhimu wake, lakini wajiolojia wawili wenye mshahara uleule wanaweza kuwa na maisha tofauti kabisa baada ya miaka mitano. Mmoja ana posho, mwingine hana. Mmoja mkataba wake ni wa kudumu, mwingine wake unakwisha kisima kikikamilika. Na kuna mwaka utakuja, hakuna aliyewahi kuukwepa katika fani hii, bei ya pipa itaporomoka.

Njia ninazolinganisha ni nne: serikali na mashirika yake, kampuni ya mafuta yenyewe, kampuni ya huduma za visima, na kwenda Ghuba.

Vigezo ninavyotumia

Malipo: hapa naangalia muundo wote, yaani mshahara wa msingi, posho za kazi ya nje, bonasi, nyumba, bima na kiinua mgongo. Angalia hasa mshahara wa msingi uko kiasi gani ndani ya jumla. Kuna mwajiri anayekupa Sh4,000,000, lakini msingi ni Sh1,500,000 na zilizobaki ni posho anazoweza kuzifuta kwa waraka mmoja. Kiinua mgongo kwa kawaida nacho hupigwa kwenye msingi.

Usalama wa ajira: nini kinakupata bei ikishuka au mradi ukiahirishwa.

Ujuzi: baada ya miaka mitatu utakuwa unajua kufanya nini ambacho mwajiri mwingine atakilipia.

Maisha: unalala wapi, siku ngapi, na nani anabaki na watoto.

Kwanza, bei ya pipa inafanya nini

Katikati ya 2014 pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei duniani, lilikuwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Tarehe 20 Aprili 2020, corona ikiwa imefunga dunia, mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa bei hasi, dola 37.63 chini ya sifuri. Miaka miwili baadaye, vita vya Ukraine vilipoanza, Brent ilipita dola 120.

Mtu angetarajia mishahara nayo ipande na kushuka hivyo. Haifanyi hivyo. Takwimu za idara ya kazi ya Marekani zinaonyesha kuwa mshahara wa kati wa wanajiosayansi ulikuwa karibu dola 90,000 kwa mwaka 2014, na karibu dola 90,000 hizohizo mwaka 2017, ingawa katikati hapo sekta ya mafuta ilikuwa imepoteza maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi. Kundi hilo limechanganya na wale wa mazingira na madini, lakini fundisho ni lile ambalo yeyote aliyepitia kipindi kile analijua: aliyebaki kazini aliendelea kulipwa kilekile, na aliyepunguzwa hakuhesabiwa tena. Kinachoshuka ni idadi ya viti. Kwa hiyo ukilinganisha ofa, jiulize kiti chako kiko upande gani wa mradi.

Mjiolojia wa utafutaji ndiye anayeajiriwa wa kwanza, kabla hata barabara haijachongwa, na ndiye anayeondoka wa kwanza. Anayefanya kazi kwenye kitalu (eneo lililotengwa kutafutwa na kuchimbwa mafuta au gesi) kinachozalisha ana nafuu, maana gesi ikitoka na kuuzwa kila siku lazima awepo mtu wa kuuangalia mwamba. Hapa kwetu mifano iko wazi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalisha 2004. Tangu hapo ina kazi ya mwaka hadi mwaka. Kina kirefu cha bahari kilitupa msisimko mkubwa kuanzia 2010, na gesi iliyogunduliwa nchini ikafika takribani futi za ujazo trilioni 57. Kisha uchorongaji ukanyamaza, kila mtu akisubiri mradi wa Lindi wa kugeuza gesi kuwa kimiminika (LNG). Januari 2021 Equinor, kampuni ya mafuta ya Norway, ilifuta dola milioni 982 kwenye vitabu vyake kwa sababu ya mradi huo. Kampuni inapofuta fedha za namna hiyo, haiajiri wajiolojia wapya mwezi unaofuata.

Jambo jingine, ingawa wajiolojia hawapendi kulisikia: mhandisi wa petroli hulipwa zaidi. Kwa takwimu hizohizo za Marekani, mwaka 2023 mshahara wa kati wa mhandisi wa petroli ulikuwa dola 135,690, na wa mwanajiosayansi dola 92,580. Pengo lingekuwa dogo kama wangehesabiwa wajiolojia wa mafuta peke yao.

Njia ya kwanza: serikali na mashirika ya umma

Kwa Tanzania Bara hawa ni TPDC, yaani Shirika la Maendeleo ya Petroli, na PURA, mamlaka ya udhibiti wa mkondo wa juu (utafutaji na uzalishaji) iliyoundwa na Sheria ya Petroli ya 2015. Zanzibar wana mamlaka yao na shirika lao. Uganda kuna Mamlaka ya Petroli na UNOC, Kenya kuna National Oil.

*Malipo.* Mashirika haya yana ngazi zao za mishahara, na kwa kawaida ziko juu ya ngazi za mtumishi wa kawaida wa wizarani. Dari nalo lipo. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba hakuna kiongozi wa taasisi ya umma atakayelipwa zaidi ya Sh15 milioni kwa mwezi, wakati wakuu wa baadhi ya mashirika walikuwa wakipokea zaidi ya mara mbili ya hapo. Mjiolojia wa ngazi ya kati hakuguswa moja kwa moja, ila alijua kilele cha njia yake kiko wapi. Kinachobadilisha maisha serikalini ni posho ya kujikimu ya safari. Mjiolojia aliyepangwa kwenye timu ya mitetemo (kupima miamba ya chini kwa mawimbi yanayopitishwa ardhini) ya Eyasi-Wembere au anayesimamia kisima Mtwara anarudi na fedha ambayo mwenzake wa ofisini haioni, japo ngazi yao ni moja. Ukiwa kwenye usaili, uliza idara gani inatoka kwenda nje ya kituo. Na mwajiri wa umma anakuchangia pensheni asilimia 15 ya mshahara. Katika mfano wa juu hiyo ni Sh450,000 kila mwezi, dhidi ya Sh300,000 za mwajiri binafsi.

*Usalama wa ajira.* Hakuna njia inayoikaribia hii. Kampuni zikiondoka, vitalu vinarudi serikalini na data zake, na lazima awepo mtu wa kuzisoma na kuzipanga kwa ajili ya duru inayofuata ya kunadi vitalu. Ugumu uko mlangoni. Nafasi zinapitia Sekretarieti ya Ajira, ni chache, na waombaji ni wengi mno kwa kila nafasi.

*Ujuzi.* Hili linategemea meza unayowekwa. Mjiolojia wa mdhibiti anaona data za kampuni zote, jambo ambalo mwenzake wa kampuni moja hawezi kulipata maisha yake yote. Mikataba ya uzalishaji na ugawanaji mapato huzitaka kampuni zichangie mafunzo ya Watanzania, na wengi wamesoma shahada ya uzamili nje kupitia njia hiyo. Upande wa pili, kuna anayeandika barua na taarifa za vikao kwa miaka minne, na siku akikaa tena mbele ya Petrel, programu ya kuchora mwamba, hajui aanzie wapi.

*Maisha.* Dar es Salaam au Dodoma, jioni uko nyumbani. Likizo inaeleweka. Ukitaka kusoma, unaruhusiwa na kiti kinakusubiri.

Njia hii inamfaa mwenye wategemezi, anayetaka kujenga taratibu, na anayependa upande wa sera na mikataba. Asiyevumilia kusubiri barua ya kupandishwa daraja ataumia.

Njia ya pili: kampuni ya mafuta yenyewe

Hapa nazungumzia kampuni zinazoendesha vitalu: Equinor na Shell kwenye kina kirefu cha bahari, Maurel & Prom kule Mnazi Bay, PanAfrican Energy kule Songo Songo, ARA Petroleum kule Ntorya; TotalEnergies na CNOOC kule Ziwa Albert.

*Malipo.* Ndiyo njia yenye kifurushi kinono zaidi kwa aliye nchini mwake: mshahara juu ya soko, bonasi ya mwaka, bima ya familia, wakati mwingine nyongeza ya nyumba na ada za watoto. Kampuni kubwa zina ngazi za kimataifa zinazorekebishwa kwa nchi, na hapo ndipo penye kidonda. Mjiolojia aliyeletwa kutoka nje na mjiolojia mzawa wanaweza kukaa meza moja wakichora mfano wa mwamba uleule, mmoja akiwa kwenye mkataba wa nyumbani kwao, na posho ya kuishi ughaibuni, nyumba ya Masaki na tiketi za likizo, mwingine akiwa kwenye mkataba wa hapa. Sheria zinataka kazi ziende kwa wazawa kwanza, ila hazisemi walipwe sawa na mgeni. Ukifika ngazi ya juu, njia ya kuziba pengo hilo ni wewe nawe kupelekwa nchi nyingine kama mgeni. Ndipo utakapoona mkataba wako unabadilika.

Uliza pia mkataba uko kwa shilingi au umefungwa kwenye dola. Dola ilikuwa karibu Sh2,300 mwaka 2022, na 2024 ilipita Sh2,600. Aliyekuwa na kipengele cha dola alipata nyongeza bila kuomba.

*Usalama wa ajira.* Angalia mradi kuliko jina la kampuni. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni somo. Kisima cha Ngamia-1 kilipopata mafuta Machi 2012, vijana wa Kenya waliambiwa sekta imefika. Mwaka 2023 TotalEnergies na Africa Oil wakajitoa, na 2025 Tullow, iliyokuwa ikiuendesha mradi, nayo ikauza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy. Uganda mafuta yaligunduliwa 2006 na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukasainiwa Februari 2022, miaka 16 baadaye. Mjiolojia aliyeajiriwa kati ya miaka hiyo alikuwa na mwajiri tajiri lakini mradi uliolala. Nafuu ni kwamba kampuni kubwa ikipunguza watu mara nyingi hulipa vizuri wanaoondoka, na jina lake kwenye wasifu wako linafungua milango.

*Ujuzi.* Mzuri sana kwa kina. Utafundishwa kusoma mitetemo, kujenga mfano wa mwamba wenye gesi, na kutetea makadirio yako mbele ya watu wanaokuuliza maswali makali kwa sababu wanataka kuweka dola milioni kadhaa kwenye kisima ulichokichora. Kampuni ndogo zinatofautiana na kubwa: kwenye ndogo utafanya kila kitu, kuanzia kumbukumbu za kisima hadi ripoti kwa mdhibiti, na ukiwa mdadisi utakua haraka.

*Maisha.* Ofisi ya mjini, safari za kitaluni, mafunzo ya nje. Saa za kazi ni ndefu kisima kinapochorongwa, kwa sababu mtambo wa kuchoronga wa baharini unagharimu mamia ya maelfu ya dola kwa siku na hakuna anayetaka usimame ukimsubiri mjiolojia aamke.

Inamfaa mwenye ufaulu wa juu na ikiwezekana shahada ya uzamili, asiye na hofu ya kuhamishwa. Nafasi ni chache kiasi kwamba kuitegemea peke yake ni bahati nasibu.

Njia ya tatu: kampuni ya huduma na kazi ya malipo ya siku

Hii nitakaa nayo zaidi, maana ndiyo inayochukua vijana wengi wasio na uzoefu, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Waajiri ni SLB, Halliburton, Baker Hughes na kampuni ndogo za kuchunguza mwamba kisimani.

Kazi ya kuanzia ni hii. Upo kwenye kontena lililojaa vifaa, pembeni ya mtambo. Tope la kuchorongea linapanda kutoka chini likibeba vipande vidogo vya mwamba, vinabaki kwenye chekecheo, unavikusanya kila baada ya mita kadhaa. Unaviosha, unavipitisha kwenye chungio, unavitandaza kwenye sahani chini ya hadubini. Unadondosha tindikali ya haidrokloriki. Ikichemka mara moja, hiyo ni chokaa. Unaviingiza kwenye sanduku la mwanga wa urujuanimno kuangalia kama vinang'aa, dalili ya mafuta. Wakati huohuo unajua kwamba kipande ulichoshika hakijatoka pale patasi (ncha ya kuchorongea) ilipo sasa. Kilikatwa zamani kidogo na kimekuwa njiani kikipanda, kwa hiyo unapiga hesabu ya muda wa kupanda ili ukiandike kwenye kina chake sahihi. Zamu ni saa 12. Ukikosea kina, aliye ofisini anachora mwamba mahali usipokuwepo.

*Malipo.* Mshahara wa msingi ni mdogo, na kila siku uliyo kwenye mtambo unaongezewa posho ya siku. Mwezi wa wiki nne mtamboni unaweza kuzidi mshahara wa aliye shirika la umma. Mwezi wa kukaa mjini bila kazi unabaki na msingi mtupu. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya: wanachukua mwezi wa mtamboni, wanazidisha mara 12, na wanaenda kukopa kiwanja kwa hesabu hiyo.

Baada ya miaka kadhaa, aliyejituma anaweza kuwa mjiolojia wa kisimani wa kujitegemea, analipwa kwa siku na kampuni ya mafuta moja kwa moja. Tuseme, kwa mfano tu, umekubaliana dola 400 kwa siku. Ukipata zamu sita za siku 28 kwa mwaka, hizo ni siku 168, na umeingiza dola 67,200. Mwaka unaofuata kuna kisima kimoja tu cha siku 60: dola 24,000, ambazo ukizigawanya kwa miezi 12 ni dola 2,000. Mwaka wa tatu hakuna kisima. Juu ya hapo, huna mwajiri wa kukuchangia NSSF, bima unajilipia, anayekulipa anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na mengine unamalizana na TRA mwenyewe, na deni la Bodi halisimami kwa sababu mtambo umesimama.

*Usalama wa ajira.* Mdogo kuliko wote. Bei ikianguka, bajeti ya uchorongaji hukatwa kabla ya kitu kingine chochote, na mikataba ya huduma ndiyo bajeti yenyewe. Kinachokuokoa ni kwamba kampuni hizi ziko dunia nzima: Tanzania kukiwa kimya, mradi wa Tilenga huko Uganda peke yake una mpango wa visima zaidi ya 400. Mwenye pasipoti, cheti cha usalama wa baharini ambacho muda wake haujaisha na begi lililofungwa anahamia palipo na kazi.

*Ujuzi.* Hapa sina shaka: hakuna shule ya mwamba inayoishinda hii. Mjiolojia aliyeshika vipande vya visima kadhaa kwa mikono yake ana kitu ambacho aliyesoma ripoti hana. Lakini ukikaa kwenye kontena lilelile miaka saba bila kusogea kwenye petrofizikia (kupima sifa za mwamba na kilichomo ndani yake) au usimamizi wa kisima, soko linakuhesabu kama mtu wa kontena.

*Maisha.* Wiki nne ndani, wiki nne nje ikiwa una bahati. Ikiwa huna, mtambo unakuita mkeo akiwa leba. Baharini hakuna kutoka. Wanawake wapo na wanaongezeka, ila bado utakuta mtambo wenye wanawake wawili kati ya watu zaidi ya mia. Uliza mapema kuhusu malazi.

Inamfaa kijana asiye na wategemezi wengi, mwenye nidhamu ya kuweka akiba mwezi mnono kwa ajili ya mwezi mkavu.

Njia ya nne: Ghuba

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa Muscat iko wapi. Kwenye sekta ya mafuta ya Oman Kiswahili kimesikika tangu miaka ya 1970, Waomani waliorudi kutoka Zanzibar walipoingia kazini. Lakini hao walikuwa raia. Wewe unaenda kama mgeni, na kwa mgeni hesabu zake ni nyingine.

*Malipo.* Emirates, Qatar, Saudia na Kuwait hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Oman imepitisha sheria ya kutoza asilimia 5 kuanzia 2028, lakini ni kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi hawataiona. Mtu aliyezoea kukatwa karibu nusu ya mshahara, kama yule wa mfano wetu, anashangaa kuona kilichoandikwa ndicho kilichoingia benki. Nyumba au posho yake, tiketi ya mwaka na bima ni vitu vya kawaida kwenye mikataba ya wataalamu. Ada za shule zinategemea ngazi. Pensheni ndiyo haipo kama unavyoijua, badala yake kuna kiinua mgongo. Emirates, kwa mfano, sheria inatoa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Ndiyo maana nilisema mwanzoni uangalie msingi.

*Usalama wa ajira.* Wa kati. Visima vya huko vinatoa mafuta kwa gharama ndogo na serikali zinavitegemea, kwa hiyo kazi haisimami kirahisi kama kwenye utafutaji wa bahari yetu. Ila kila nchi ina sera ya kuwapa raia wake nafasi kwanza, na Oman imeisimamia kwa miaka mingi. Kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye ajira. Ikikatika, una muda mfupi wa kupata nyingine au kufunga mizigo pamoja na familia.

*Ujuzi.* Mwamba wa chokaa, uzalishaji mkubwa, teknolojia ya kisasa. Ukirudi nyumbani, ambako gesi yetu iko zaidi kwenye mwamba wa mchanga, si kila ulichojifunza kitaingia moja kwa moja, ingawa jina la mwajiri litasaidia.

*Maisha.* Jangwani joto la Julai halielezeki. Mjini maisha ni mazuri na ghali. Kwa Mwislamu, misikiti, chakula na mwezi wa Ramadhani havina shida, na kwa wenye ndugu Muscat au Dubai upweke hupungua.

Inamfaa mwenye uzoefu wa miaka mitano kwenda juu, hasa wa uzalishaji au petrofizikia. Kwa mhitimu mpya mlango huu ni mwembamba sana; anayemuahidi kazi hiyo kwa malipo ya wakala achunguzwe kwanza.

Kabla ya kuchagua, madini

Sitawatendea haki wasomaji nikinyamaza kuhusu dhahabu. Jiolojia ni jiolojia, na migodi ya Kanda ya Ziwa huajiri wajiolojia hata miaka ambayo pwani hakuna mtambo. Bei ya dhahabu ina tabia ya kupanda dunia inapoogopa, wakati ambao mafuta mara nyingi huanguka, kama ilivyokuwa 2020. Mtu wa petroli anayejua kusoma sampuli na kutumia programu za kuchora mwamba anaweza kuvuka, ila ataanza ngazi moja chini.

Kwa hali yako

Kama umemaliza chuo juzi, huna familia, na umepata nafasi kampuni ya huduma wakati umeomba pia TPDC na hujajibiwa, nenda mtamboni. Endelea kuomba ukiwa huko. Uzoefu wa visima viwili utakusogeza kwenye usaili kuliko kukaa nyumbani ukisubiri.

Kama wewe ndiye unayesomesha wadogo zako na una mkopo wa Bodi, mshahara wa umma unaokuja kila mwezi una thamani kuliko mwezi mmoja mnono. Kubali, kisha pigania idara yenye kazi ya nje ya kituo na data.

Kama una ofa mbili, ya umma na ya kampuni ya mafuta, uliza kitalu kiko hatua gani. Kikiwa kinazalisha na kuuza gesi, kampuni ina hoja. Kikiwa kinasubiri uamuzi wa uwekezaji, omba mkataba unaotaja malipo ya kuachishwa kwa kupunguzwa kazi, na ukinyimwa, ofa ya umma inapanda.

Kama uko kazini miaka sita na mshahara umegota, shahada ya uzamili ya petrofizikia au jiofizikia itakusogeza zaidi kuliko ya uongozi wa biashara, isipokuwa unalenga kuacha mwamba na kwenda upande wa mikataba.

Kama ni mama mwenye watoto wadogo, au baba anayelea peke yake, wiki nne ndani na wiki nne nje si lazima iwe mbaya kama ipo ya kweli na kuna mtu wa kuaminika nyumbani. Mbaya ni zamu isiyotabirika. Taka ratiba iandikwe kwenye mkataba.

Na kama ofa ya Ghuba iko mezani, mwombe mwajiri vitu vitatu kwa maandishi kabla ya kuacha kazi ya hapa: mshahara wa msingi peke yake ni kiasi gani, nani anagharamia kibali cha familia, na notisi ya kuachishwa ni ya siku ngapi.